Platini ya Kuchovya

Pete ya kuchovya tumezoea kuidharau. Ikichujuka, hutuumbua mbele za watu. Lakini katika maabara ya Brookhaven, New York, kuchovya ndiyo kazi yenyewe, na fundi ninayemvulia kofia ni mkemia Radoslav Adzic pamoja na wenzake.

Wanachovya kwa ajili ya seli ya haidrojeni, ambayo hukutanisha haidrojeni na oksijeni, ikatoa umeme na maji. Zile za asidi hazina huruma: chuma na nikeli huliwa humo. Platini, inayochochea kukutana huko, huvumilia, na ndiyo maana William Grove aliitumia tangu 1842 katika betri yake ya gesi. Tabu ni bei. Tena katika kila punje ya platini, atomi za juu tu ndizo zinazogusana na oksijeni. Za ndani zimekaa bure, nazo zimelipiwa.

Watafiti wa maabara ya Los Alamos, katika miaka ya 1980, walishabana matumizi ya platini kutoka miligramu 4 kwa sentimita mraba hadi kama 0.4, kwa kupaka elektrodi myeyusho wa plastiki ileile ya utando unaotenganisha elektrodi za seli, ili njia ya asidi izifikie punje nyingi zaidi. Adzic alibana zaidi ya hapo.

Huanza na punje za paladiamu, nanomita chache tu, zilizoshikiliwa na kaboni laini kama masizi. Huzitia kwenye asidi yenye shaba, akashikilia volteji pale ambapo shaba bado haijaanza kujirundika. Shaba huipenda paladiamu kuliko inavyojipenda yenyewe, basi hutandaza tabaka moja la atomi, ikakoma. Kisha huingizwa platini. Shaba huyeyuka na kuondoka, platini ikakaa palepale shaba ilipotoka. Hewa ikipenya kabla ya hapo, oksijeni huila shaba na kazi imeharibika.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba paladiamu si sahani tu ya kubebea. Atomi zake zimekaribiana zaidi kidogo kuliko za platini, hivyo huibana platini iliyo juu. Platini ikiachwa peke yake hung'ang'ania mno oksijeni. Ikibanwa, hulegeza mkono na kazi huenda mbio.

Paladiamu nayo si ya bei ya chini, na asidi ikipata tundu huila. Kuizuia, wakaichanganya na dhahabu kidogo. Kwa hiyo humo dhahabu imefichwa ndani, na kilichochovywa juu ni platini.