Soketi Chini ya Mkeka

Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye karakana ya yule kijana kule Matondoni ni soketi ya umeme iliyofunikwa kwa kipande cha mkeka. Ni ya kuchajia simu, akaniambia kwa aibu. Simu ndiyo anayopigia picha za karakana isiyo na umeme.

Sikuja kumcheka. Ana miaka ishirini na mbili, anajitolea, halipwi hata nauli, na mwaka mzima amekuwa akijenga karakana ya mbao kwa mtindo wa wazee: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko, paa la makuti. Na kama jengo, bana, limempata. Upepo wa bahari unapita kati ya ukuta na paa, kwa hivyo saa nane mchana unaweza kuranda mbao bila kutokwa jasho. Tezo, patasi na keekee hazikupangwa kama vyombo vya makumbusho. Zimening'inizwa pale mkono unapofika, na mipini yake inang'aa kwa kushikwa. Hapo nilimvulia kofia.

Shida yangu ni nje. Chini ya mwembe, fundi aliyemfundisha haya yote alikuwa akitoboa mbavu za mashua kwa drili, jenereta likinguruma.

"Shikamoo mzee. Mbona hutumii keekee?"

"Marahaba. Keekee naijua, mwanangu. Lakini mwenye mashua naye yuaningoja."

Basi ndani wageni wanaoneshwa ufundi, na fundi mwenyewe yuko juani kwa sababu kelele zake zinaharibu picha. Hata zile boriti hazina simulizi. Marufuku ya ukataji miti ya 2018 iliwabana wakata mikoko wa Lamu hadi wakalalamika hadharani, lakini ukimsikiliza kijana akieleza paa lake, utadhani mikoko ilijikata yenyewe.

Nilimtajia Guédelon, Ufaransa, ambako tangu 1997 watu wanajenga ngome ya mtindo wa karne ya 13 kwa zana za mkono. Pale kofia ngumu na miwani ya usalama huvaliwa waziwazi. Wako wanaojitolea, lakini wako pia mafundi wa mshahara. Notre-Dame ilipoungua Aprili 2019, baadhi ya maseremala waliopitia Guédelon walikuwa miongoni mwa waliochonga kwa shoka mialoni ya paa jipya. Ujuzi ulipata kazi ya kufanya. (Najua, wao wana tiketi za wageni wengi mno. Ulinganisho wangu una uonevu kidogo.)

Kijana alinisikiliza huku akifagia maranda. "Kwa hivyo nibomoe?" Nikasema hapana, haki ya Mungu. Nilitaka tu karakana ambayo fundi anaweza kuingia na kazi yake ya leo, na mgeni aone tezo na drili vikigombania mbavu moja ya mashua. Hapo kuna hadithi ambayo hata mimi ningelipa kuiona.

Hakunijibu. Saa kumi hivi jenereta likaishiwa petroli. Mzee akaingia na waya wake begani, akatazama huku na huku.

"Soketi iko wapi?"

Kijana akanitazama mimi kwanza, kisha akainama kuondoa mkeka.