Shimo Jeusi Lilipofika Natta

Hadithi ya watoto ikidai inafundisha sayansi ya anga, huwa naipima hivi: nikiing'oa sayansi yote, hadithi itasimama? Ikisimama, basi sayansi ilikuwa abiria tu, na mtoto ataishusha njiani.

George's Secret Key to the Universe (2007), cha Lucy na Stephen Hawking wakishirikiana na Christophe Galfard, kinafaulu kipimo hicho. Wazazi wa George wamekataa umeme, simu na kompyuta ili kulinda mazingira. Nguruwe wake anavunja uzio, George anamfuata kwa jirani, na huko anamkuta mwanasayansi Eric, binti yake Annie, na Cosmos, kompyuta inayofungua mlango wa kutokea angani. Watoto wanadandia nyotamkia na kupita Zohali na Mshtarii. Baadaye Eric anategwa na kumezwa na shimo jeusi. Hapo ndipo kitabu kinaponishika, kwa sababu hakuna upanga wala uchawi wa kumtoa. Kinachomtoa ni hoja ya Hawking mwenyewe kwamba shimo jeusi huvuja mionzi kidogo kidogo, na watoto wanaipata kwa kusoma maandishi ya Eric. Wasingesoma, Eric asingerudi.

Nilikisoma kwa sauti Natta, wilayani Serengeti, kwa watoto wa dada yangu, nikikigeuza Kiswahili papo hapo. Visanduku vya maelezo ya kisayansi vilitusumbua: kila nikifika kwenye kimoja, mtu anainuka kwenda kunywa maji. Halafu likaja swali: "Mjomba, mbona wanaukataa umeme na upo?" Kwa familia ya George, mshumaa ni msimamo. Kwa nyumba nyingi za kwetu ni hali tu. Kichekesho kile hakikuvuka bahari. Nguruwe alivuka bila shida.

Hata mbingu zenyewe hazifanani. Natta iko takriban digrii 2 kusini mwa ikweta. Mwezi mchanga hapa aghalabu hulala chali kama mtumbwi, na Msalaba wa Kusini, ambao mtoto wa London hauoni kamwe akiwa kwao, unaonekana bila darubini. Tuna Kilimia, nyota zilizopata jina kutokana na kulima. Hayo yote hayamo kitabuni, na sikuyatarajia yawemo.

Je, sisi tumeandika nini? Fasihi yetu ilipaa zamani. Shaaban Robert aliitundika nchi ya Kusadikika angani mwaka 1951. Katama Mkangi alimrusha Dzombo hadi Walenisi mwaka 1995. Lakini safari hizo zinapanda juu ili zitazame chini: sheria, watawala, haki. Jina Walenisi lenyewe, wale ni sisi, linakiri hivyo. Silaumu, navipenda vitabu hivi. Ila mtoto anayeuliza kwa nini mwezi hauanguki hajajibiwa bado.

Na malighafi tunayo! Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kuchunguza eksirei zitokazo angani, na vipimo vyake vilisaidia kuitambulisha Cygnus X-1 kuwa shimo jeusi. Hawking alikuwa amewekeana dau na Kip Thorne mwaka 1974 kwamba si shimo jeusi, na mwaka 1990 akakubali kushindwa. Hebu fikiria: shimo jeusi la kitabu cha Hawking lina ndugu aliyesaidiwa kugunduliwa na chombo chenye jina la Kiswahili, kilichoruka kutoka pwani ya Waswahili.

Haya si mapambo. Mtoto wa shule ya serikali pale Natta anasoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha kidato cha kwanza anaikuta kwa Kiingereza. Maneno kama mvuto, obiti na mionzi yanaishia kwenye mtihani, bila kupita mdomoni mwa mhusika hata mmoja anayempenda. Hadithi ya kusisimua ingeyapa maisha kabla hajayaacha.

Kwa hiyo tafsiri ya George pekee haitatosha. Karibu na ikweta, uso wa dunia huzunguka kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki huchukua kasi hiyo bure. Ndiyo faida mojawapo ya kurushia pale Malindi, na mtoto wa Natta anasafiri kwa karibu kasi hiyohiyo akiwa amekaa kwenye kigoda. Nataka hadithi ambamo mhusika akikosea hesabu hiyo, chombo hakirudi. Ikiandikwa, watoto wa dada watanisamehe: nitaanza kuisoma mimi.