Ramani ya Mwamba Uliovurugika

Kuchora ramani ya miamba iliyopangika ni kazi, ila ina nafuu yake. Ukikuta chokaa kwenye kilima hiki, na kilima cha pili ukaikuta tena imelalia upande uleule, unaruhusiwa kuvuta mstari katikati: tabaka ni lilelile, udongo na majani vimelificha tu. Katika sehemu kubwa ya Anglesey, kisiwa kilichoko kaskazini-magharibi mwa Wales, ruhusa hiyo hakuna. Chokaa ya hapa ni bonge. Lile bonge la kule ng'ambo huenda halikuwahi hata kuwa jirani yake.

Nenda pwani ya kaskazini, kwenye magenge ya karibu na kanisa la Llanbadrig. Utaona kwatzi nyeupe imekaa katikati ya matope ya kale yaliyogeuka jiwe, kando yake chokaa, mbele kidogo mwamba mwingine kabisa. Bonge moja linaenea kiganjani, jingine ni kubwa kuliko nyumba. Yale matope yamechanika kuwa magamba membamba, na ukiyafuata kwa kidole hayaendi moja kwa moja: yakifika kwenye bonge hupinda, hulizunguka, kisha hukutana tena upande wa pili. Hapo ndipo mjuzi anapotambua kwamba kigumu kimevunjika na kilicho laini kikapita.

Chanzo cha mvurugiko huu ni bamba la sakafu ya bahari kuzama chini ya bamba jingine. Linapozama, mzigo uliokuwa mgongoni mwake hukwanguliwa: matope, mchanga, chokaa, vipande vya lava. Huko Llanddwyn, kusini-magharibi mwa kisiwa, lava hiyo ingali na umbo la mito ya kulalia, kama ilivyoganda ndani ya maji. Vingine havikwanguliwi, hushuka. Karibu na Llanfairpwll kuna shisti ya buluu yenye umri wa takriban miaka milioni 550, na rangi hiyo inatokana na madini ya glaukofani, ambayo huhitaji mgandamizo mkubwa na joto dogo. Mahali pa namna hiyo ni pachache duniani: ni pale bamba baridi linapozama upesi kabla halijapata muda wa kupashwa moto. Kisha mwamba huo ukapanda tena. Namna ulivyopanda inashangaza kuliko ulivyoshuka.

Mjiolojia Edward Greenly, aliyeichora ramani ya kisiwa hiki, hakuwa na maelezo hayo. Alipoacha kazi ya serikali ya upimaji wa miamba mwaka 1895 na kuanza kuichora Anglesey kwa gharama yake mwenyewe, nadharia ya mabamba ilikuwa bado zaidi ya nusu karne mbele. Alichokuwa nacho ni nyundo, lenzi, na karatasi za ramani za inchi 6 kwa maili moja. Kwa kipimo hicho, kila jiwe linalochungulia malishoni lina nafasi yake. Basi alilifikia moja, akalivunja, akaliangalia, akalichora lilivyo na mahali lilipo, akaenda kwa lingine bila kuyaunganisha kwa kubahatisha. Kitabu chake kilitoka mwaka 1919, juzuu mbili, karibu kurasa 1000. Faharasa iliandaliwa na mkewe, Annie. Humo ndimo alimoupa mchanganyiko huu jina la melanji, ambalo leo hutumika hadi California na Uturuki.

Kwangu mimi, ustadi wake uko katika kujizuia. Mkono wa mchoraji hupenda mstari mrefu; wake ulikubali kukatika.

Greenly aliamini kwamba miamba hii ilisagwa na misukumo ya ndani ya ardhi. Baadaye Robert Shackleton, ambaye miaka ya 1940 alikuwa Kenya akichora ramani ya eneo la dhahabu la Migori, aliona kwamba ni maporomoko makubwa ya chini ya bahari. Mabishano hayo ni magumu, maana poromoko likishatokea kwenye mtaro wa bahari, mabamba nayo huja kulisaga, na usagaji huo hufuta alama za poromoko. Kinachobaki ni kwenda ukingo kwa ukingo, kutazama kama bonge lilikatwa au liliangukia kwenye tope lililokuwa bado laini. Na wabishi wa pande zote mbili huanzia kwenye karatasi za Greenly, kwa sababu alichokiona hakukichanganya na alichokidhania.