Mama, Nitilie

Kwa sisi tunaoingia mjini kutoka Magindu, Dar es Salaam inaanzia tumboni. Ukishuka Kariakoo, fuata moshi. Mama lishe ameshabandika tangu alfajiri: wali umepaliwa makaa juu ya mfuniko, maharage ya nazi, mchicha, na kile kipande cha ndizi mbivu ambacho hakuna anayekiagiza wala anayekikosa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, nawa ukae."

Zamani tukiwaita mama ntilie, kwa kauli ya mteja anayenyoosha sahani. Jina la mama lishe lina heshima zaidi, lakini la kwanza ndilo lenye njaa ndani yake.

Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Hadi leo mbeba mzigo anakula hapo, benchi moja na mwenye duka, pilipili wakipokezana. Mgahawa wenye kiyoyozi unakupa risiti; mama huyu deni lako analo kichwani, ukirudi baada ya mwezi anakutajia mpaka chapati ya ziada.

Hongereni, mama zetu. Na ukoko mniwekee, maana saa saba huwa umeshagombaniwa.