Kuihoji Sensa ya Oksijeni

Kazi ya fundi wa magari husifiwa zaidi pale inapoonekana kwa macho, kama injini iliyoshushwa na kufumuliwa inaporudishwa mahali pake na kuwaka mara moja, au bodi iliyopondeka inaponyooshwa hadi mwenye gari mwenyewe asijue ilipogongwa. Iko hata hivyo kazi nyingine, isiyochafua sana mikono wala kukusanya watazamaji, ambayo hupima akili ya fundi kuliko hizo zote, nayo ni kutafuta chanzo cha ubovu unaofutwa na kurudi. Hakuna mahali kazi hiyo inapojidhihirisha vizuri kama kwenye gari kuukuu ambalo taa yake ya injini inawaka kwa madai kwamba sensa ya oksijeni ni mbovu, taa hiyo ikazimwa, ikawaka tena, sensa ikabadilishwa kwa fedha nyingi, na baada ya siku chache taa ikawa imerudi palepale.

Sensa ya oksijeni ni kifaa chenye umbo linalokaribiana na la plagi, kinachofungwa kwenye bomba la moshi ili kupima kama katika moshi unaotoka kwenye injini bado imebaki oksijeni. Ndani yake mna kikombe chembamba cha kauri iitwayo zirkonia, kilichopakwa madini ya platini ndani na nje, upande mmoja ukigusana na moshi na upande wa pili ukigusana na hewa ya kawaida. Kauri hiyo ikishapata joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi na kuendelea, huruhusu ioni za oksijeni kupita ndani yake, na tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili huzalisha umeme mdogo. Kanuni ya umeme huo iliandikwa na Walther Nernst, mkemia wa Ujerumani aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1920, lakini ilichukua miongo mingi kabla ya kampuni ya Bosch kuigeuza kuwa kifaa cha gari, na magari ya kwanza kuuzwa yakiwa nacho yalikuwa ya Volvo, yaliyopelekwa California mwaka 1976 kutokana na sheria kali za jimbo hilo kuhusu moshi.

Lengo la kifaa hiki ni uwiano. Ili petroli iungue yote pasipo kubaki petroli wala oksijeni, kila gramu moja yake huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa, na kompyuta ya injini, ambayo magereji mengi huiita kontroboksi, hujitahidi kukaa karibu na kipimo hicho kwa kusikiliza sensa. Mchanganyiko ukiwa mzito, yaani petroli ikizidi, sensa hutoa karibu volti 0.9, na ukiwa mwepesi, yaani hewa ikizidi, hushuka hadi karibu volti 0.1, kompyuta ikiona volti zimepanda hupunguza petroli, ikiona zimeshuka huongeza, kwa hiyo sensa nzima katika injini iliyopata moto haitulii hata kidogo, bali hupanda na kushuka bila kukoma. Jambo la kushikilia hapa, na ambalo wengi hulipita, ni kwamba sensa hii haijui chochote kuhusu petroli. Inachokijua ni oksijeni iliyolifikia bomba pale ilipofungwa, iwe imetoka kwenye injini au imeingia kwa njia nyingine yoyote, na hiyo ndiyo sababu ya kuichukulia kama shahidi mkweli aliyesimama mahali pamoja: anachosema amekiona kweli, ila hakuona yote, na hakimu anayemhukumu shahidi badala ya kumhoji atafunga mtu asiye na kosa.

Kuhoji huanza na kuusoma ujumbe wenyewe. Katika Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani katika miaka ya 1990, ambazo bado zinafanya kazi katika miji ya Afrika Mashariki, hakuna haja ya mashine ya gharama, kwa sababu chini ya boneti mna kisanduku kidogo cha plastiki chenye matundu yaliyoandikwa herufi. Fundi huunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, hufungua swichi bila kuwasha injini, kisha huketi na kuhesabu jinsi taa ya dashibodi inavyomeremeta: ikimeremeta mara mbili, ikanyamaza kidogo, ikamaliza na mara moja, hiyo ni 21, ambayo huelekeza kwenye sensa ya oksijeni au mkondo wake wa umeme, 25 humaanisha mchanganyiko umeonekana mwepesi mno, na 26 humaanisha umeonekana mzito mno. Namba hizi tatu si kitu kimoja, na inasikitisha kwamba katika magereji mengi zote tatu huishia kwenye dawa ileile ya kununua sensa. Ile ya kwanza hulalamikia kifaa na nyaya zake, ilhali 25 na 26 mara nyingi huonyesha kwamba sensa ni nzima kabisa na inaripoti ubovu wa mahali pengine.

Namba ikiwa ni ile ya kulalamikia kifaa, fundi mzuri hushika multimita kabla ya kushika spana. Sensa nyingi zilizotengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 zina hita ndani yake, yaani waya unaoipasha moto kauri mapema bila kungoja joto la moshi, na hita hiyo hupimwa kwa dakika moja: ikiwa baridi, ukinzani wake kwa kawaida huwa omu chache hadi kumi na kitu, na kama multimita haionyeshi njia yoyote, hita imekatika. Hata hivyo hita inaweza kuwa nzima na umeme usiifikie, kwa sababu fyuzi imeungua, au waya umelegea ukalala juu ya bomba hadi ganda lake likayeyuka, au kiunganishi kimeota kutu ya kijani baada ya miaka ya kupita kwenye madimbwi. Hapa iweko tahadhari kwamba ile testa ya balbu, ambayo mafundi wa umeme huipenda kwa wepesi wake, inafaa kwa waya wa hita lakini haifai kabisa kwa waya wa ujumbe, maana umeme wa sensa ni dhaifu mno kuiwasha balbu, na fundi akiitumia ataihukumu sensa nzima kuwa imekufa.

Kisa chenye utamu wote wa kazi hii, hata hivyo, ni kile cha gari linaloleta namba 25, yaani linaloshtakiwa kuwa na hewa nyingi, ilhali mwenye gari analalamika kwamba linakula mafuta kupita kiasi, na plagi zikifunguliwa zinatoka nyeusi kwa masizi. Mambo hayo mawili yanapingana. Masizi kwenye plagi ni alama ya petroli nyingi, na mwenye haraka atasema kwamba sensa ndiyo inayodanganya, ataitoa, ataweka nyingine, na ile nyingine itasema maneno yaleyale. Ufumbuzi wake umo katika tabia ya moshi, ambao hautoki kwenye injini kwa mfululizo mmoja bali kwa mapigo, kila silinda ikipiga kwa zamu yake, na baina ya pigo na pigo shinikizo ndani ya bomba hushuka kwa kitambo kifupi sana hadi chini ya lile la hewa ya nje. Gasketi ya manifoldi ya moshi ikiwa imepasuka mbele ya sensa, ufa huo hutema moshi wakati wa pigo na kuvuta hewa ya nje baada ya pigo. Sensa huiona oksijeni hiyo na kuiripoti kwa haki, kompyuta huamini kwamba injini ina njaa ya petroli na kuiongezea, plagi zinazidi kuwa nyeusi, na kadiri petroli inavyoongezwa ndivyo ripoti inavyobaki ileile, kwa sababu hewa ile haikupita kwenye injini hata mara moja. Mwishowe kompyuta hufika ukomo wa nyongeza inayoruhusiwa na kuwasha taa.

Namna ya kuukamata ufa wa aina hiyo inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa haihitaji chochote kisichopatikana katika gereji ya chini ya mwembe. Injini huwashwa ikiwa baridi kabisa, maana chuma kikishapata moto hutanuka na mara nyingi huuziba ufa wenyewe; fundi husikiliza karibu na manifoldi mlio mdogo wa kugongagonga unaokwenda na mwendo wa injini na kupotea dakika chache baadaye, mlio ambao wengi huudhania kuwa wa valvu. Kisha mtu wa pili hubana mdomo wa nyuma wa bomba kwa kitambaa kilicholowa, kwa sekunde chache tu, ili shinikizo lipande ndani, na fundi hupaka maji ya sabuni kwenye maungio yasiyo na moto wa kuyakausha. Povu litakapoinuka, hapo ndipo penye shida. Katika magari ya baadaye yanayosomwa kwa mashine, iko njia nyingine ya kuupata ukweli huohuo, nayo ni kutazama asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaiongeza: ikiwa ni kubwa injini inapozunguka polepole na inapungua mwendo unapoongezeka, hewa ya ziada inaingia mahali, lakini ikiwa inaongezeka gari linapobebeshwa mzigo au kupanda mlima, basi pampu au chujio la petroli ndilo la kushukiwa.

Visababishi vingine vya uongo wa aina hii vinaweza kupitiwa kwa haraka. Silinda isiyowaka vizuri hupitisha hewa yake yote bila kuitumia, hivyo plagi moja dhaifu huonekana kwa sensa kama upungufu wa petroli, na sensa ya joto la maji iliyoharibika huifanya kompyuta iamini kwamba injini ni baridi siku nzima, ikamwaga petroli bila kuisikiliza sensa ya oksijeni.

Yapo pia mambo yanayoiua sensa kweli, na baadhi yake hutendwa na gereji yenyewe. Gundi ya silikoni inayopakwa badala ya gasketi, ikiwa si ya aina iliyotengenezwa kwa magari yenye sensa, hutoa mvuke unaovutwa na injini, ukaungua na kuacha utando mweupe juu ya kauri, na sensa mpya iliyofungwa juu ya gundi mbichi inaweza kuugua kabla ya petroli ya tangi moja kwisha. Risasi iliyokuwa ikichanganywa katika petroli iliharibu platini kwa namna hiyohiyo, na hatari hiyo iliondoka katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilipoiacha petroli ya risasi kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. La ajabu zaidi ni kwamba sensa nyingi huipata hewa yao ya kulinganishia kupitia nafasi nyembamba zilizomo kati ya nyuzi za nyaya zake zenyewe, kwa hiyo fundi anayeunga waya kwa lehemu, au anayejaza grisi kwenye kiunganishi akidhani anakikinga na maji, huwa ameiziba pua sensa aliyokuja kuitibu. Nyaya hizo huungwa kwa viungio vya kubana, na viunganishi vyake huachwa vikavu.

Si haki kuwalaumu mafundi peke yao. Mwenye gari aliye tayari kulipia sensa, kwa kuwa ni kitu kinachoshikika mkononi, huona ameibiwa akiambiwa alipe asubuhi nzima ya kusikiliza, kupima na kupaka sabuni iliyoishia kwenye gasketi ya bei ndogo, na soko linalolipia vipuri lakini halilipii fikra haliwezi kushangaa likiuziwa vipuri. Ndipo zinapozaliwa dawa za mkato, kama vile kuichomoa balbu ya taa ya injini ili mnunuzi asiione, au kuyatoa masega ya kuchuja moshi, ambayo huharibika upesi petroli inapozidi, wakati sensa iliyokuwa ikipiga kelele kuhusu petroli hiyo haikusikilizwa.

Fundi aliyemaliza kazi yake humrudia shahidi na kumwuliza mara ya mwisho. Kumbukumbu ya kompyuta hufutwa kwa kuitoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa sekunde zisizopungua kumi, injini huwashwa na kushikiliwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika kwa muda wa dakika mbili hivi ili kauri ipate moto, TE1 na E1 huunganishwa tena, na mita ya mshale huchomekwa kwenye tundu la VF1, ambamo kompyuta yenyewe huonyesha jinsi inavyozipokea habari za sensa. Mshale huo unapaswa kucheza mara nane au zaidi katika sekunde kumi. Ukicheza mara tatu au nne kwa uvivu, sensa imezeeka na sasa inaweza kubadilishwa kwa haki. Usipocheza kabisa ilhali multimita iliyowekwa kwenye waya wa sensa inaonyesha volti zikipanda na kushuka, tatizo limo katika waya kati ya sensa na kompyuta, na utafutaji huendelea mahali ambapo waya huo unapinda kuingia ndani ya gari. Kipimo hiki hurudiwa baada ya gari kupandishwa mlima likiwa na mzigo, kwa kuwa zipo gasketi zinazoziba gereji nzima ikishuhudia, kisha zikafunguka bomba linapokuwa jekundu kwenye mlima mkali kama ule wa Kitonga nchini Tanzania.