Kafara Bila Shahidi: Je, Filamu za Kale za Kutisha Zitengenezwe Upya?

Zipo filamu za kutisha ambazo hazikuvuma sana zilipotoka, lakini zikapata kundi la wapenzi waaminifu wasiozisahau. Filamu za namna hii hutengenezwa upya mara kwa mara, na kila mara hoja huzuka. Wengine husema kazi iliyokamilika isiguswe. Wengine husema kila kizazi kina haki ya kuisimulia tena. Kwa mhubiri swali hili si geni, kwa maana kila Jumapili husimama mbele ya andiko la kale na kulisema upya. Kwa hiyo hatuwezi kulaumu marudio kwa sababu tu ni marudio. Yafaa tuulize: ni nini kilichorudiwa, na ni nini kilichoachwa? Makala hii yakusudia kulipima jambo hilo kwa filamu iitwayo The Wicker Man, iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1973 na kurudiwa Marekani mwaka 2006.

Filamu ya 1973

Filamu ya kwanza iliongozwa na Robin Hardy na kuandikwa na Anthony Shaffer. Sajini Neil Howie, polisi Mkristo wa Scotland, apata barua isiyo na jina la mwandishi, naye aenda kisiwani Summerisle kumtafuta binti aliyepotea. Huko akuta watu walioacha Kanisa na kurudia miungu ya jua na mashamba. Mtawala wao, Lord Summerisle, si mshenzi. Ni mtu mwenye elimu, mpole na mcheshi. Babu yake ndiye aliyeifufua dini ya kale, ili wenyeji wamfanyie kazi kwa moyo katika kilimo chake kipya cha matunda. Lakini mavuno yamekosa, na binti yule alikuwa chambo tu. Howie afungiwa ndani ya sanamu kubwa ya mtu iliyosukwa kwa fito, naye ateketezwa humo pamoja na wanyama. Aomba, atamka Zaburi ya 23. Wenyeji waimba kwa furaha. Hakuna anayemwokoa, na jua lazama.

Filamu hii si mahubiri ya Kikristo. Watunzi wake walichota katika maandiko ya James Frazer na katika habari za Julius Caesar juu ya kafara za Wagalia, wala hawakumpamba Howie. Ni mtu mkali, mwenye sheria nyingi kinywani na upendo mchache machoni. Pia ina uchi na nyimbo za ashiki, hivyo si ya kuonyeshwa darasa la kipaimara. Hata hivyo, saa yake inapofika, Howie akiri ufufuo. Lord Summerisle amjibu kwamba basi ni vema, kwa kuwa wanampa kifo ambacho siku hizi ni nadra: kifo cha shahidi.

Hapa Kiswahili chatusaidia, kama kilivyosaidia Kiyunani. Neno shahidi ni la yule aonaye na kusema, na pia la yule afaye kwa ajili ya aliyoyasema. Wenyeji wataka kafara; Howie, pamoja na udhaifu wake wote, awapa ushuhuda. Amwonya mtawala kwamba mavuno yakikosa tena mwakani, watu watamdai yeye mwenyewe. Hoja hii ni jirani ya ile ya Waebrania sura ya 10: kafara inayopaswa kurudiwa yajishuhudia yenyewe kwamba haitoshi.

Marudio ya 2006

Neil LaBute aliandika na kuongoza filamu ya pili. Kisiwa sasa kiko pwani ya jimbo la Washington, chatawaliwa na wanawake, na badala ya matunda kuna asali. Polisi, aliyeigizwa na Nicolas Cage, aitwa na mchumba wake wa zamani, na mtoto anayetafutwa aonekana kuwa binti yake mwenyewe. Ana huzuni, ana dawa za kutuliza sumu ya nyuki, lakini hana imani. Moto unapowashwa hana la kukiri. Abaki na mayowe. Ni mhanga, wala si shahidi. Ndiyo maana filamu hii ilichekwa kuliko ilivyoogopwa. Mambo ya nje yapo yote: kisiwa, vinyago, sanamu na moto. Lakini mgongano wa imani mbili, uliokuwa moyo wa hadithi, umeondolewa.

Huenda mtu akasema kwamba polisi mcha Mungu asingeaminika tena mwaka 2006. Lakini hata mwaka 1973 Howie alionekana mtu wa zamani, na ugeni wake huo ndio uliobeba hadithi yote.

Tulinganishe na Nosferatu. Katika filamu ya F. W. Murnau ya mwaka 1922, mwanamke ajitoa ili kumzuia mnyonya damu hadi alfajiri, na uovu wakoma. Werner Herzog alipoirudia mwaka 1979, mwanamke ajitoa vilevile, lakini mumewe ageuka kuwa mnyonya damu na kuondoka juu ya farasi. Twaweza kulikataa jibu la Herzog. Lakini swali alilishika: je, kujitoa kwa mmoja kwaweza kuwaponya wengi?

Hitimisho

Kwa hiyo jibu letu ni ndiyo, filamu za kale zaweza kutengenezwa upya, mradi mtengenezaji ajue ni swali gani analolirithi. Akiwa na jibu jipya, tumsikilize. Akilitupa swali na kubaki na moto tu, atakuwa ameturudishia kafara na kutunyima shahidi. Nasi wachungaji tusimhukumu LaBute upesi. Tangu Luther alipotetea teolojia ya msalaba kule Heidelberg mwaka 1518, hatari iliyo mlangoni petu ni hiyo hiyo: kutunza kanzu, nyimbo na mishumaa ya Ijumaa Kuu, huku tukiogopa kumtaja Yeye aliyelia msalabani wala asiteremshwe.