Pinasse ya Arcachon: Mashua Iliyoundwa kwa Ajili ya Maji Kupwa

Ghuba ya Arcachon, iliyoko kusini-magharibi mwa Ufaransa karibu na mji wa Bordeaux, imeungana na Bahari ya Atlantiki kwa mlango mmoja tu, nao umejaa mafungu ya mchanga yasiyotulia mahali pamoja. Maji yanapojaa, ghuba hiyo huenea kwa takriban kilomita za mraba 155. Yanapokupwa, sehemu kubwa ya eneo hilo hubaki matope, mchanga na nyasi bahari, na maji husalia katika mikondo iliyopindapinda baina ya mafungu. Ni katika mazingira hayo ilipokulia pinasse, mashua nyembamba ya wavuvi na wakulima wa chaza, yaani kombe wanaojigandisha kwenye mawe na kuliwa wabichi. Baharia aliyezoea bahari kuu akiitazama ataiona ina kasoro nyingi: haina mkuku wa kina wa kuizuia isisukumwe upande na upepo, kuta zake ni fupi, tumbo lake ni bapa, na haina sitaha. Kasoro hizo huacha kuwa kasoro pale inapokumbukwa kwamba chombo hicho kilitumia sehemu kubwa ya saa zake za kazi kikiwa kimekaa juu ya nchi kavu.

Mbao za ubavu na za chini zilitokana na misonobari ya pwani, miti iliyopandwa kwa wingi katika mkoa wa Landes, hasa baada ya sheria ya mwaka 1857 iliyozilazimu wilaya za huko kukausha na kupanda miti katika ardhi zao za kinamasi. Msonobari huo ni mti mwepesi wenye utomvu mwingi, na lami iliyopikwa kutokana na utomvu huohuo ndiyo iliyopakwa kwenye mashua kuzuia maji, hivyo msitu mmoja ulitoa mbao na dawa ya kuzihifadhi. Mataruma, yaani mbavu zinazoshikilia mbao kwa ndani, yalichongwa kwa mwakasia bandia, mti mgumu usiooza upesi. Omo na tezi, yaani ncha ya mbele na ya nyuma, zote zilikuwa zimechongoka, na omo iliinuka juu kwa mkunjo wa madaha ambao wapiga picha wa leo wanaupenda kuliko sehemu nyingine yoyote. Kazi yenyewe ya mashua, hata hivyo, ilikuwa katika sakafu bapa, ambayo iliigawa shehena sawasawa juu ya mchanga, mashua isilale ubavu wala mbao zisibonyezwe mahali pamoja.

Jamii ya wavuvi wa Arcachon haikuishi kwa ghuba peke yake. Wakati wa baridi wavuvi walipiga makasia kupita mlangoni hadi baharini kutega nyavu, wakitumia mashua kubwa zaidi ambazo nazo hazikuwa na sitaha, na hatari kubwa haikuwa kilindini bali katika kurudi, kwa kuwa mawimbi hupasuka juu ya mafungu ya mlangoni na chombo kilicho wazi hujaa maji kwa wimbi moja au mawili. Mwezi Machi 1836 mashua sita za aina hiyo zilipotea pamoja na watu 78. Meli za mvuke zenye sitaha zilichukua uvuvi huo wa nje baadaye katika karne hiyo, na mashua ndogo zikabaki na kazi za ndani, yaani kuvua dagaa na, kwa kadiri miaka ilivyokwenda, kuhudumia mashamba ya chaza.

Mashamba hayo yalianza rasmi karibu na mwaka 1860, wakati chaza wa asili walipokwisha kuvunwa kupita kiasi na mwanasayansi Victor Coste akapata idhini ya Kaisari Napoleon III kuanzisha mashamba ya mfano katika ghuba. Tatizo lilikuwa kuwapata chaza wachanga, ambao huelea majini kwa majuma machache kisha hutafuta kitu kigumu cha kushikamana nacho. Waliwekewa vigae vya paa, lakini waligandamana navyo kiasi kwamba kuwabandua kulikuwa kuwaua. Katikati ya miaka ya 1860 mwashi aitwaye Michelet alileta ufumbuzi: kigae kichovywe kwanza katika rojo ya chokaa na mchanga, ili chaza ashike tabaka la chokaa badala ya kigae, na mwaka unaofuata tabaka hilo likwanguliwe kwa kisu huku ganda likibaki zima. Ufumbuzi huu ni wa kiashi hasa, na pengine mtaalamu wa viumbe asingeufikiria. Ulikuja pia na mzigo mpya, kwa maana vigae vilipangwa kwa kupishana ndani ya vizimba vya mbao, na vizimba hivyo vilipaswa kufikishwa shambani mwanzoni mwa kiangazi, vikiwa vizito na chokaa yake ikiwa rahisi kumomonyoka. Kwa mizigo mikubwa yalitumika matishari bapa. Pinasse ilibeba watu, vikapu, zana na chaza wenyewe.

Ratiba iliamuliwa na maji. Mashua iliondoka maji yakiwa yanatoka, ikisukumwa na mkondo, kwa makasia, kwa upondo au kwa tanga moja lililofungwa katika mlingoti wa kung'olewa. Tanga lilifaa upepo ukiwa wa nyuma au wa ubavuni. Kubisha, yaani kwenda kwa kukatakata dhidi ya upepo, ni kazi ngumu kwa chombo kisicho na mkuku wa kina, na mwenye busara aliusubiri mkondo ugeuke. Ilipofika shambani, palipowekewa mipaka ya vijiti virefu vya msonobari, ilitiwa nanga na kuachwa ikae chini kadiri maji yalivyopungua. Wafanyakazi, wanawake kwa wanaume, walishuka wakiwa wamefunga vibao vya mraba nyayoni wasizame kwenye matope, wakapata saa chache za kukusanya, kuchambua na kutandaza upya. Mashamba ya juu yaliweza kufikiwa karibu kila siku, lakini yale ya chini yalionekana wakati wa bamvua tu, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hupwa sana. Katika siku za maji mafu hayakuguswa.

Wakati wa kupakia mashua ikiwa imekaa chini ndipo ustadi mmoja usioonekana kwa urahisi ulipohitajika. Mashua iliyo majini humwonyesha mpakiaji kila kikapu kinavyoizamisha, ilhali iliyokaa mchangani haionyeshi chochote: inapokea mzigo bila kulalamika mpaka maji yarudi, na kosa hujulikana wakati hakuna tena mahali pakavu pa kupakulia. Mafundi walilipunguza tatizo hilo kwa kuzitanua kuta za mashua kuelekea juu, hivyo kadiri ilivyozama ndivyo ilivyopata upana zaidi wa kuelea. Hata hivyo hesabu ya mwisho ilibaki machoni mwa mwenye mashua, aliyepaswa pia kukumbuka kwamba chaza waliolowa na kushikwa na matope ni wazito kuliko wanavyoonekana.

Injini ilipoingia mwanzoni mwa karne ya 20, ghuba isiyo na kina ililazimisha ubunifu mwingine. Rafadha, panga linalozunguka na kuisukuma mashua, ingevunjika kila chombo kilipokaa chini. Kwa hiyo shafti iliwekewa kiungo cha kukunja na rafadha ikaweza kuinuliwa hadi kwenye uwazi ulioachwa chini ya tezi. Mashua nazo zikarefuka, zikafikia mita tisa na zaidi kwa upana usiozidi sana mita mbili, kwa kuwa chombo chembamba hupata kasi kwa nguvu ndogo ya injini. Umbo refu na jembamba ambalo leo husifiwa kuwa la jadi ni, kwa kiasi kikubwa, umbo la zama za injini, na pinasse za makasia zilikuwa fupi kuliko hilo.

Kilichoiondoa pinasse kazini ni mbinu mpya ya kilimo. Baada ya ugonjwa ulioangamiza chaza wa Kireno waliokuwa wakifugwa ghubani mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuletwa kwa chaza wa Kijapani, ufugaji ulihamia zaidi kwenye vifuko vya wavu wa plastiki vinavyolazwa juu ya meza za chuma. Vifuko hivyo huinuliwa kwa mamia katika kupwa kumoja, navyo huhitaji uwanja mpana wa kupangiwa. Tishari la alumini lenye sitaha tupu na winchi linautoa uwanja huo. Pinasse, yenye mataruma yanayokatiza sakafu kila hatua na omo inayoziba njia ya kupakilia, haiwezi.